Jinsi simu inavyomrudisha mfanyabiashara wa mpakani katika hesabu ya dawa

Neno lenyewe lilikuwa moja tu: "Mambo?"

Lilitumwa kila wiki kutoka simu ya kliniki kwenda kwa wagonjwa waliokuwa wameanza kumeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, katika kliniki tatu za Kenya. Mbili zilikuwa Nairobi na moja Kajiado, upande ule ambao malori hupita yakielekea Namanga. Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48. Akiwa hana tatizo, aliandika "Sawa". Akiwa nalo, "Shida". Aliyejibu "Shida", na hata aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki.

Ujumbe haukutaja dawa, virusi wala hospitali. Mume, mwajiri au mtoto akiishika simu anakuta salamu ya kawaida, na hilo lilikusudiwa.

Huo ulikuwa utafiti kamili. Watu 538 walioandikishwa kati ya mwaka 2007 na 2008 waligawanywa kwa bahati nasibu: 273 wakatumiwa ujumbe, 265 wakahudumiwa kama siku zote. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wakimeza dawa ipasavyo, kwa maelezo yao wenyewe, walikuwa asilimia 62 katika kundi la ujumbe na asilimia 50 katika kundi la pili. Virusi vilikuwa vimeshuka hadi kiwango cha chini kabisa kwa asilimia 57 ya kundi la kwanza na asilimia 48 ya kundi la pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la Lancet, na salamu ya vijiweni ikasomwa na madaktari wa dunia nzima.

Ndani ya hesabu hiyo kuna jambo linalomhusu kila anayevuka mpaka kutafuta riziki. Mgonjwa aliyepotea, ambaye mwisho wa mwaka hakuna aliyejua yuko wapi, alihesabiwa kama mtu ambaye tiba imemshinda. Huenda alikuwa mzima kabisa, yuko Arusha anauza viatu. Daftarini aliandikwa upande wa hasara.

Daftari la mkopo

Anayekopesha analielewa jambo hili bila kufundishwa. Umetoa vitenge kwa mkopo kwa wateja 20. Mwisho wa mwezi 12 wamelipa, 8 hawaonekani. Ukiwauliza wale 12 peke yao utaambiwa biashara ni nzuri na kila mtu analipa. Hesabu yako itapendeza, na mtaji utakufa.

Watafiti wa dawa wana daftari la namna hiyo hiyo. Wakiwahesabu waliorudi kliniki tu, dawa itaonekana inafanya kazi kuliko ilivyo, kwa sababu wanaorudi mara nyingi ni wale waliopata nafuu au wanaoishi karibu. Aliyeacha kwa sababu dawa ilimletea kichefuchefu, aliyelazwa hospitali nyingine, aliyefariki, na aliyepanda tu basi la Kampala, wote wanaandikwa kwa maneno yale yale: hajulikani alipo. Wakiwa wachache, hesabu inavumilika. Wakifikia robo ya washiriki, hakuna mtaalamu wa takwimu anayeweza kuapa kwamba anajua dawa ile inafanya nini.

Njia ya kuikwepa hasara hiyo imekuwa nyepesi, na haina haki sana: kutowaandikisha kabisa watu wa njiani. Majaribio mengi ya dawa na chanjo yana sharti linalomtaka mshiriki awe mkazi wa eneo na awe anakusudia kubaki hapo mpaka utafiti uishe, pengine miezi sita, pengine miaka miwili. Mwenye duka anapita. Chukua sasa mama anayenunua dagaa Mwanza, anavuka Mutukula kila wiki ya pili, analala Masaka au Kampala siku nne na kurudi. Yeye anaachwa mlangoni, na hakuna aliyemkosea adabu. Mtafiti analinda hesabu yake.

Lakini dawa ikishapita, haiuzwi kwa wenye maduka peke yao. Inamfikia na yule mama, ambaye kidonge cha usiku anakimeza ndani ya basi na cha asubuhi akiwa kwenye foleni ya forodha, tumbo tupu, maji ya chupa yamepata moto juani. Mwili kama wake, na ratiba kama yake, havikuwemo kwenye jaribio.

Namba moja, mtu mmoja

Uingereza iliwahi kuonyesha kinachowezekana pale ambapo taarifa za mtu zinamfuata. Machi 2020, wakati korona inajaza wodi, madaktari wa huko walianzisha jaribio lililoitwa RECOVERY. Mgonjwa aliandikishwa kwa fomu fupi ya mtandaoni, na kompyuta ikampangia tiba kwa bahati nasibu. Baada ya hapo sehemu kubwa ya ufuatiliaji ilifanywa na kumbukumbu zilizokuwepo tayari, za hospitali na za vifo, kwa sababu kila mgonjwa wa huduma ya afya ya taifa ana namba yake moja. Hakuna aliyehitaji kumtafuta mtu nyumbani kujua kama siku ya 28 bado yu hai.

Kabla siku 100 hazijatimia, tarehe 16 Juni 2020, jibu la kwanza kubwa lilitangazwa. Deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa takriban moja ya tano miongoni mwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni haikuonyesha faida, jambo ambalo waliokimbilia kuinunua madukani bila daktari hawakulisikia. Hesabu hiyo ilitoka kwa wagonjwa zaidi ya 6,400. Afrika Mashariki ilifaidika na jibu bila kutozwa ushuru, maana dawa yenyewe inafahamika hospitalini huku kwa miaka mingi.

Ukanda huu nao haukosi mfano wa jaribio lililokwenda haraka. Mwishoni mwa mwaka 2018, Ebola ikiwa imeshika Kivu Kaskazini, tiba nne zililinganishwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Takwimu zilikuwa zikipelekwa kwa kamati huru iliyokaa mbali na vituo. Tarehe 9 Agosti 2019, kamati hiyo ilipopitia taarifa za wagonjwa 499, ilishauri jaribio lisimamishwe: tiba mbili zilikuwa zimeshajionyesha kuwa bora. Kwa jumla waliandikishwa wagonjwa 681. Katika kundi la tiba iliyokuwa kipimo cha kulinganishia, karibu nusu walifariki. Katika tiba mbili bora walifariki takriban theluthi. Moja ya tiba hizo, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyenusurika Ebola huko Kikwit mwaka 1995.

Lakini mgonjwa wa Ebola yuko kitandani. Hapotei. Kazi ngumu ilikuwa inasubiri Goma, ambako watu wanatembea.

Siku 56 Goma

Novemba 2019 lilianza Goma jaribio la chanjo ya Ebola yenye dozi mbili, ya pili ikitolewa siku 56 baada ya ya kwanza. Mwezi uliofuata Rwanda nayo ikaanza kampeni ya chanjo hiyo hiyo, iliyoitwa Umurinzi, ikianzia na wilaya za mpakani kama Rubavu na Rusizi. Anayeijua Petite Barrière kati ya Goma na Gisenyi anajua kwa nini. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka pale kila siku, wengi wao wanawake wenye nyanya, vitunguu, maziwa na nyama kichwani. Miezi michache kabla, Juni 2019, Ebola ilikuwa imeshavuka na familia moja kutoka Kongo hadi Kasese, Uganda. Wafanyabiashara wa Mpondwe hawajasahau foleni za kupimwa joto na ndoo za maji ya klorini.

Siku 56 ni muda mrefu kwa mtu wa mpakani. Ndani yake bei ya mchele inapanda na kushuka, mtu anahama soko, anabadilisha laini, anakwenda kuzika Bukavu. Kisha Machi 2020 mipaka ikafungwa kwa korona na utoaji chanjo Goma ukakatizwa. Watu zaidi ya 20,000 walikuwa wamepata dozi ya kwanza katika jaribio hilo, na wengi wao hawakuipata ya pili kwa wakati uliopangwa. Unamjuaje basi aliyerudi kwamba ndiye yule yule wa dozi ya kwanza? Kadi imelowa. Jina liliandikwa na mtu wa upande mwingine wa mpaka, kwa herufi za kwao. Mwaka wa kuzaliwa ulikadiriwa.

Hapo ndipo teknolojia iliposogezwa kutoka simu hadi mwili wenyewe. Katika utafiti uliojulikana kama SEARCH, uliofanyika kati ya mwaka 2013 na 2017 katika jumuiya 32 za vijijini Kenya na Uganda, alama za vidole zilitumika kwenye kambi za upimaji kumtambua aliyekwisha kuhesabiwa. Huko Boende, kaskazini magharibi mwa Kongo, jaribio la chanjo ya Ebola kwa wahudumu wa afya 699 lilipiga picha ya mboni ya jicho la mshiriki na kuitumia kumtambua kila aliporudi. Mboni ina faida moja ambayo wapagazi wa mpakani wataielewa haraka: vidole vinavyobeba magunia na kushika kamba kutwa huchakaa alama zake, na mashine inakataa kuvisoma. Jicho halichakai kwa kamba.

Kumwekea mtu kamera jichoni, hata hivyo, kunahitaji maelezo marefu kuliko kumwandika jina. Mwenye kuogopa kwamba picha ile itafika uhamiaji au kwa watoza kodi hana wazimu. Anauliza swali la mfanyabiashara: bidhaa hii ikishatoka mikononi mwangu, inakwenda ghala la nani?

Laini tatu, jibu hakuna

Simu nayo ina mwisho wake. Timu iliyotokana na utafiti ule wa "Mambo?" ilijaribu tena katika kliniki ya Kibera, safari hii kwa watu 700 waliogunduliwa kuwa na virusi, ili kuona kama ujumbe wa kila wiki ungewafanya wabaki kwenye huduma. Matokeo, yaliyotoka mwaka 2018, hayakuwa ya kushangilia. Baada ya mwaka mmoja, takriban wanane kati ya kumi walikuwa bado wanafika kliniki, waliotumiwa ujumbe na wasiotumiwa sawasawa. Salamu ilikuwa ile ile na jiji lile lile, ila swali lilikuwa tofauti, na jibu likawa tofauti. Kwa sababu hiyo mradi wowote unaokuja mpakani na programu mpya ya simu, ukiahidi kwamba hakuna mgonjwa atakayepotea, unastahili kuulizwa umepimwa wapi.

Kwa mtu wa mpakani kuna kikwazo cha ziada. Laini ya Kenya inalala kwenye pochi akiwa Uganda. Ya Uganda inalala akiwa Tanzania. Kuanzia mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilipunguza gharama za kupiga simu kati yao chini ya mpango wa mtandao mmoja, lakini mazoea ya kubadilisha laini hayakuisha, na vifurushi vya bei nafuu bado ni vya nyumbani. Kliniki inayotuma ujumbe kwa namba moja inazungumza na mteja wake nusu ya mwezi tu. Nusu nyingine inaongea na pochi.

Sheria nazo zimesimama kila moja upande wake. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022 ikaanza kutumika Mei 2023, na Kongo ilitoa kanuni zake za kidijitali mwaka 2023. Ni hatua njema. Bila sheria hizo taarifa ya ugonjwa wa mtu ingeuzwa kama namba za simu zinavyouzwa. Lakini kila nchi imeweka masharti yake kuhusu taarifa kuvuka mpaka. Kampuni ya dawa inaweza kupeleka jalada moja likapitiwa kwa pamoja na wadhibiti wa nchi wanachama wa Jumuiya, mpango ulioanza mwaka 2012. Jalada la mgonjwa halina njia kama hiyo. Akianza matibabu Busia ya Kenya na kuugua Busia ya Uganda, mwendo wa dakika chache kwa miguu, daktari wa pili anaanza ukurasa mpya.

Watakaosema kwamba jambo hilo ni gumu mno wakumbushwe mwaka 2020. Madereva wa malori walikuwa wamelala barabarani siku kadhaa Malaba na Busia wakisubiri majibu ya korona, foleni ikihesabiwa kwa kilomita. Jumuiya ikaanzisha mfumo wa simu wa kufuatilia mizigo na madereva, ambao uliwezesha majibu ya kipimo kilichofanywa nchi moja kusomwa na maofisa wa nchi nyingine. Dereva hakuhitaji tena kupimwa upya kila mpaka. Taarifa za afya za mtu mmoja, kwa jina lake, zilivuka. Zilivuka kwa sababu mzigo ulikuwa unaoza, na kwa mgonjwa anayekohoa kituo cha basi haraka hiyo haijaonekana. Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Bujumbura, imepewa kazi ya kuunganisha utafiti na mifumo ya kidijitali ya afya katika nchi wanachama, na hapo ndipo vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vingepaswa kubisha hodi, kama vinavyobisha kwa maofisa wa forodha.

Ukifuatwa na watafiti

Wakati hayo yanasubiriwa, watafiti wanaendelea kuja masokoni na kwenye vituo vya afya vya mpakani. Anayeombwa kujiunga ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, ya kukataa bila kunyimwa matibabu ya kawaida, na ya kujitoa wakati wowote hata kama ameshaweka sahihi au dole gumba. Karatasi ya ridhaa si risiti ya kununuliwa.

Mtu wa safari ana maswali yake zaidi, na ya kwanza ni ya njia. Nikiugua nikiwa upande wa pili, nampigia nani, na nani analipa? Je, upo mpango na kituo cha afya cha huko, au nitaambiwa nirudi? Siku ya miadi ikiangukia siku ya mnada, inaweza kusogezwa kwa siku ngapi kabla sijahesabiwa kuwa nimepotea? Watafiti wengi wana kipindi cha nafasi kabla na baada ya tarehe ya miadi, ila hawakitangazi mpaka waulizwe. Yapo pia maswali ya ghala: picha ya jicho au alama ya kidole itahifadhiwa nchi gani, kwa muda gani, na nikijitoa itafutwa? Ujumbe utakaotumwa utasemaje? Aliye na simu inayoshikwa na watu watatu nyumbani anastahili kuuona ujumbe huo kabla hajakubali. "Mambo?" haimuumbui mtu. "Usisahau dawa zako" inaweza kumvunjia mtu ndoa.

Na kabla ya yote, usifiche safari zako. Wapo wanaosema wanakaa hapa hapa ili wasiachwe, hasa panapokuwa na nauli au matibabu ya bure. Inaeleweka, lakini inawaumiza mara mbili: wanaishia kuandikwa waliopotea, na mtafiti anabaki akiamini kwamba watu wa mpakani hawaaminiki, kumbe alichokosa ni ratiba yao. Akiambiwa mapema kwamba mtu huyu huwa Kampala kila wiki ya pili, anaweza kupanga miadi ya wiki ya kwanza.

Fomu nyingi zina mstari mmoja wa namba ya simu. Mama wa dagaa ana laini tatu, ya Tanzania, ya Uganda, na nyingine ya Rwanda anayoitumia akipitia Rusumo. Mhudumu akimuuliza aandike ipi, azitaje zote, na pembeni aandikiwe ya dada yake anayelinda genge Mwanza, ambaye simu yake haizimwi na ambaye siku zote anajua mzigo umefika wapi.